Mwamuzi hagawi katikati

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu kazi na mishahara

*Shikamoo Mzee. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo hapa Columbus, Ohio. Kila ikifika Januari na Februari wenzangu wa Kimarekani, tukikaa kula, habari yao ni wachezaji wa besiboli waliokwenda kwa waamuzi kudai mshahara. Mwaka ule wa Guerrero wa Toronto walibishana hadi msimamizi akaja kuwatuliza. Mimi hela zao hazinishangazi tena. Kinachonishangaza ni mtu kumfikisha bosi wake mbele ya waamuzi, halafu mwezi huohuo anaripoti mazoezini kama hakuna kilichotokea. Kwetu Kigoma ukimfikisha bosi huko, ujue umeshaaga. Hebu nieleweshe.* – Baba Wawili, Columbus

Marahaba, Baba Wawili. Februari 2023 nilikuwa Milwaukee, Wisconsin, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua. Theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha, nami nilikaa ndani wiki tatu nikibembeleza mjukuu na kusikiliza redio nisiyoielewa vizuri. Mkwe wangu ni mtu wa Brewers, timu ya pale mjini. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, hakuvua hata koti, akawasha redio ya jikoni, akasikiliza kidogo, akaizima. Akaniambia, "Baba, Burnes kashindwa." Nikadhani ni kesi ya jinai.

Corbin Burnes alikuwa mrushaji wao nambari moja, yaani yule anayewatupia wapigaji mpira. Mwaka 2021 alitwaa tuzo ya Cy Young, inayopewa mrushaji bora wa ligi. Mwaka 2022 akaongoza ligi yake kwa kuwatoa wapigaji 243 kabla hawajaupiga mpira ukaingia mchezoni. Basi kwa msimu wa 2023 alidai dola milioni 10.75. Klabu ikasema milioni 10.01. Tofauti ni dola 740,000. Waamuzi watatu wakasikiliza pande zote mbili, wakachagua namba ya klabu.

Nikamuuliza mkwe, kwa nini wasigawane? Hawa wapunguze kidogo, yule aongezewe kidogo, mambo yaishe. Akacheka. "Baba, hawaruhusiwi."

Hapo nilimrudisha mjukuu kwa mama yake, nikakaa vizuri kwenye kiti. Maana mimi miaka kumi na moja nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo, na elimu yangu yote ilikuwa kuijua hiyo katikati. Mwaka 1996 tulitaka nyongeza ya shilingi elfu sita kwa mwezi. Tulipokaa kuandika barua, mweka hazina wetu akasema, "Andikeni elfu ishirini, watapunguza." Tukaandika. Mwajiri naye, ambaye karani wake alikuja kuniambia baadaye kuwa alikuwa tayari kutoa elfu tano, akaandika mia tano. Vikao saba. Chai na maandazi ya kampuni. Siku ya mwisho aliyekuwa akituamulia akachukua kikokotoo, akajumlisha, akagawa kwa mbili. Tukapata zaidi ya tulichotaka, tukashangilia hadi getini. Mwaka uliofuata mwajiri aliandika sifuri, sisi tukaandika elfu hamsini. Hapo mazungumzo yalikuwa yameshakufa, ilibaki hesabu ya darasa la tatu.

Wamarekani wa besiboli waliliona tatizo hilo wakaliziba kwa kanuni moja. Kila upande unaandika namba moja. Waamuzi wanachagua ama hii ama ile. Hakuna namba ya tatu. Ukiandika namba ya kichaa, waamuzi watachukua ya mwenzako hata kama ni ya kibahili, kwa sababu iko karibu na ukweli kuliko yako. Kwa hiyo kila mmoja, akiwa peke yake chumbani na kalamu yake, anajikuta anasogea kwa mwenzake kwa hofu. Sijaona hofu iliyotumika vizuri namna hiyo.

Na katikati bado ipo, ila imegeuka kuwa mstari. Chukua kesi ya Burnes: 10.75 na 10.01, katikati yake ni milioni 10.38. Kazi ya waamuzi siku ile haikuwa kusema Burnes anastahili kiasi gani. Waliulizwa jambo moja tu: je, thamani yake inauvuka mstari wa 10.38 au haiuvuki? Ikivuka kwa dola moja, anachukua 10.75 nzima. Isipovuka, anachukua 10.01.

Sasa wanafikaje huko. Mchezaji akiingia ligi kuu, miaka mitatu ya kwanza klabu inampangia mshahara inavyopenda, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola 720,000. Akishafikisha miaka mitatu ya utumishi anapata haki ya kwenda kwa waamuzi, na haki hiyo anakuwa nayo hadi afikishe miaka sita. Akimaliza sita na mkataba wake ukiisha, yuko huru, aende anakotaka. Mwezi Januari, wasipokuwa wameelewana, wanabadilishana namba zao. Wengi sana wanapatana kabla ya siku ya shauri. Wachache wanaobaki wanakwenda Florida au Arizona, mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, wanaingia ukumbini. Upande mmoja unapewa saa moja, na wa pili saa moja. Kisha kila mmoja ana nusu saa ya kujibu ya mwenzake. Kabla ya yote wanakabidhi mkataba uliokwisha kutiwa sahihi na pande zote, kila kitu kimejazwa, isipokuwa pale penye mshahara pako wazi. Waamuzi wanaujaza wao. Kwa kawaida jibu linatoka ndani ya saa ishirini na nne. Hawatoi sababu. Namba tu.

Huo mkataba wenye nafasi wazi ndio jibu la nusu ya swali lako, Baba Wawili. Mtu haendi pale kumshitaki bosi ili aachane naye. Ameshasaini kuwa atamchezea mwaka mmoja. Kilichobaki ni tarakimu. Sheria yetu ya kazi Tanzania inatenganisha usuluhishi na uamuzi, ndiyo maana hata tume yetu inaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: msuluhishi anakuvuteni mkae pamoja, mwamuzi anakata. Huu wa besiboli ni uamuzi mtupu, tena juu ya kitu kimoja.

Nusu ya pili ya jibu ni kwamba hana pa kwenda. Zamani mkataba wa besiboli ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kumrefusha mchezaji mwaka hadi mwaka bila ukomo. Hupendi mshahara? Kaa nyumbani. Curt Flood wa St. Louis alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Mwaka uliofuata chama cha wachezaji, chini ya Marvin Miller, mtu aliyetokea kwenye chama cha wafanyakazi wa chuma, kiliwabana wenye klabu wakakubali utaratibu huu wa waamuzi. Kifungu cha zamani kilikuwa bado kipo. Yaani walipewa mizani kabla hawajapewa mlango. Mlango ulifunguka Desemba 1975, mwamuzi Peter Seitz alipotamka kuwa wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally wako huru.

Wa kwanza kabisa kusikilizwa alikuwa Dick Woodson, mrushaji wa Minnesota Twins, Februari 1974. Alitaka dola 29,000, klabu ikasema 23,000. Alishinda. Mei mwaka huohuo walimhamishia New York. Kwa hiyo Kigoma yako, Baba Wawili, na wao wanayo.

*Mzee, nimesikia huko ukumbini kuna mambo hayaruhusiwi kusemwa. Ni yapi? Mimi ni katibu wa tawi la wauguzi na nina sababu zangu za kuuliza.* – Katibu, Morogoro

Katibu, hapa ndipo nilipomwomba mkwe anitafsirie mara mbili. Ni marufuku kutaja hali ya kifedha ya klabu, na ya mchezaji pia. Ile sentensi "kampuni haina hela", niliyoisikia tangu nikiwa na nywele nyeusi, kule haina pa kusimama. Na mchezaji naye hawezi kusema ana watoto wanne na kodi imepanda. Ni marufuku kuleta yaliyoandikwa magazetini. Ni marufuku kueleza nani alitoa ofa gani kwenye mazungumzo ya nyuma, ili watu wasiogope kulegeza wakiwa faragha. Na ni marufuku kulinganisha na michezo au kazi nyingine, kwa hiyo mpira wa kikapu unabaki nje.

Kinachoruhusiwa ni mchango wake msimu uliopita, urefu na uthabiti wa kazi yake, mishahara yake ya nyuma, kasoro za mwili au akili, timu ilimaliza nafasi ya ngapi na watazamaji walijaa kiasi gani. Na juu ya yote, mishahara ya wachezaji wanaofanana naye. Hii ndiyo roho ya jambo. Mawakala wanalala na majedwali. Wanatafuta mrushaji mwingine aliyekuwa na miaka ileile ya utumishi, idadi ileile ya michezo, takwimu zinazokaribiana, waonyeshe alilipwa ngapi. Klabu nayo inaleta wake. Wakati mwingine shauri zima ni ubishi wa "huyu anafanana na yule au na yule mwingine?"

Najua unakoelekea, kwa hiyo nikujibu kabla hujauliza. Utaratibu huu umewahi kutoka nje ya besiboli. Jimbo la New Jersey liliuweka kisheria mwaka 1977 kwa polisi na zimamoto wake, watu wasioruhusiwa kugoma. Lakini usiubebe mzimamzima kuupeleka hospitalini kwako. Besiboli inaweza kufanya hivi kwa sababu mshahara wa kila mchezaji unajulikana, na kila anachofanya uwanjani kinahesabiwa. Kiwandani kwetu fundi wa mashine namba nne hakujua fundi wa mashine namba tano analipwaje. Bahasha ilikuwa inafungwa kwa gundi. Mwamuzi asiye na jedwali la kulinganisha atachagua kwa kuangalia nani kavaa suti. Anzeni na bahasha.

*Babu, kuna vijana wa Uganda wamesajiliwa na Los Angeles Dodgers. Nao watakwenda kwa waamuzi baada ya miaka mitatu?* – Shabiki, Kampala

Hapana, mjukuu wangu, hesabu yao bado haijaanza. Miaka ninayoizungumzia ni ya ligi kuu tu, na inahesabiwa kwa siku. Vijana wa ligi za chini hawana waamuzi wa mshahara. Kwao habari kubwa ilikuwa Machi 2023, walipopata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama. Ngazi ya chini kabisa ilitoka dola 4,800 kwa mwaka ikafika 19,800. Soma tena hizo namba ukikumbuka tofauti ya 740,000 iliyomlaza mkwe wangu bila chakula.

Njia ipo lakini ni ndefu. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alikanyaga uwanja wa Pittsburgh Pirates Aprili 2017, baada ya miaka mingi ya ligi za chini. Ila nyie Waganda mna haraka. Watoto wenu wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, baada ya wenzao kunyimwa viza mwaka mmoja nyuma.

*Umesema inahesabiwa kwa siku. Siku ngapi, na nani anahesabu? Mimi ni mhasibu na napenda kujua mahali watu wanapochomekea.* – Mhasibu, Nairobi

Swali la mhasibu kweli. Siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu ni mwaka mmoja wa utumishi. Msimu wenyewe una siku takriban 187. Umeshaona upenyo? Klabu ikimwacha kijana ligi za chini wiki mbili tatu za mwanzo, anakosa kutimiza mwaka, na klabu inakaa naye msimu mmoja zaidi kabla hajawa huru.

Kris Bryant wa Chicago Cubs aliitwa Aprili 17, 2015, baada ya kuwatandika warushaji mazoezi yote ya kabla ya msimu. Mwisho wa msimu alikuwa na siku 171. Moja pungufu. Klabu ilieleza kuwa alihitaji kunoa ulinzi wake. Akawa mchezaji chipukizi bora wa mwaka huo, na 2016 mchezaji bora wa ligi yake, Cubs wakitwaa ubingwa. Chama kilifungua malalamiko, na mapema 2020 mwamuzi akayatupa. Mimi na mweka hazina wetu tungeiona hiyo siku moja tukiwa usingizini.

Kuna kipozeo kidogo. Katika wachezaji wenye utumishi wa kati ya miaka miwili na mitatu, asilimia 22 wa juu kwa siku za utumishi wanaruhusiwa kwenda kwa waamuzi mapema, mradi msimu wa mwisho wawe na siku zisizopungua 86. Bryant aliingia kwa mlango huo, na kwa 2018 walipatana naye kwa dola milioni 10.85, rekodi wakati huo kwa mtu wa mara ya kwanza.

*Mzee wangu, anayeshindwa anapoteza nini hasa? Si bado anabaki milionea?* – Mama Salma, Mombasa

Anabaki, Mama Salma. Alfonso Soriano alishindwa na Washington mwaka 2006 akaondoka na dola milioni 10, badala ya 12 alizotaka. Mariano Rivera naye aliwahi kushindwa na Yankees. Kwa jumla tangu 1974 klabu zimeshinda zaidi ya nusu ya mashauri, na hata walioshindwa wengi walikuwa wamepata nyongeza kubwa juu ya mshahara wa mwaka uliotangulia.

Lakini fikiria kikao chenyewe. Kwa kawaida mchezaji anakuwepo ukumbini. Anakaa kwenye kiti, na wakili wa klabu iliyomlea anatumia saa nzima kueleza kwa nini hafai kama anavyodhani. Marcus Stroman wa Toronto aliposhindwa 2018, kwa dola milioni 6.5 dhidi ya 6.9, alilalamika hadharani juu ya mabaya aliyosikia juu yake. Mwaka mmoja kabla, Dellin Betances wa Yankees alitaka milioni 5, akapewa 3, na baada ya hukumu rais wa klabu akazungumza na waandishi kuwaponda mawakala wake. Walikuwa wameshashinda, jamani. Betances akasema siku yake ya kuwa huru ikifika, uamuzi utakuwa mwepesi kidogo.

Na Burnes. Muda mfupi baada ya asubuhi ile ya redio, alisema akiwa kambini Arizona kwamba klabu ilimweka mbele kama sababu ya kukosa hatua ya mtoano mwaka 2022. Timu iliikosa nafasi hiyo kwa mchezo mmoja. Akasema uhusiano umeumia, na hakuficha. Nilikuwa namtazama mkwe wangu anavyosikiliza. Mikono ilikuwa kwenye povu la vyombo, hasuuzi, hatoi. Mimi nimewahi kusimama kwenye kikao kile cha kiwanda nikisomewa siku nilizochelewa kazini, tarehe kwa tarehe, na meneja niliyekuwa nimemsindikiza kumzika mama yake. Nyongeza tulipata. Zile tarehe bado nazikumbuka.

Klabu ilibaki na Burnes msimu mmoja. Februari 2024 wakamhamishia Baltimore. Kabla ya msimu wa 2025, akiwa huru, akasaini na Arizona miaka sita kwa dola milioni 210. Jezi yake mkwe wangu bado anayo. Binti yangu anasema anaivaa Jumamosi akiosha gari, na hataki mtu mwingine aiguse.